Barua ya wazi kwa wanaogawa pesa za shule: bahari nayo ihesabiwe

Kwa Waziri wa Elimu,
Kwa Waziri wa Fedha,
Kwa Gavana wa Kaunti ya Lamu, na wabunge wetu wa Lamu Mashariki na Lamu Magharibi.

Waheshimiwa, assalamu alaikum.

Ama baada ya salamu, nawaandikia kutoka Kisiwa cha Pate, nikiwa mzazi na mjumbe wa bodi ya shule moja ya serikali huku kwetu. Jina la shule silitaji. Nitakayoyasema si ya shule moja, na mwalimu mkuu wetu ana kazi za kumtosha bila ya kuitwa ofisini akaeleze barua ya mama mmoja.

Ombi langu nalitanguliza msije mkalitafuta: acheni kuzigawia shule pesa kwa kuhesabu vichwa vya watoto peke yake. Ipeni kila shule kima cha kuiwezesha kufungua mlango, kisha ndipo mhesabu watoto. Na shule ambayo njia yake ni bahari, bahari yake nayo iingie kwenye hesabu.

Najua jibu lililo tayari: kugawa kwa kichwa ndiyo haki, kila mtoto apate sawa na mwenzake, wa Nairobi na wa kisiwa cha Ndau. Kwenye karatasi hakuna wa kulipinga. Lakini tuipige hesabu yenyewe.

Mgao wa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Elimu ya bure ilipoanza Januari 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilianzia 1,020, kwa hiyo tangu hapo mtoto ameongezewa shilingi 400. Mfuko wa saruji ulikuwa bei gani wakati ule, mnajua wenyewe. Hilo linaziumiza shule zote za nchi na silidai kuwa la Lamu. Langu linaanza pale mnapozidisha. Shule ya watoto 900 inapata 1,278,000. Shule ya watoto 90 inapata 127,800. Mnazitoa kwa mafungu matatu: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 muhula wa pili, 20 muhula wa tatu. Basi shule ile ndogo, muhula wa tatu, inategemea shilingi 25,560, ikiwa zimekuja zote na zimekuja kwa wakati wake, na hapo sijatoa sehemu inayobakia huko juu ya kununulia vitabu.

Kwa pesa hizo mlinzi alipwe muhula mzima, zinunuliwe chaki na karatasi, tangi lizibwe, choo kitengenezwe, umeme ulipiwe. Sasa mlinzi wa shule ya watoto 90 hawezi kukubali sehemu ya kumi ya ujira wa mlinzi wa shule ya watoto 900, maana usiku anaokesha ni ule ule. Bati la paa halijui walio chini yake ni wangapi. Huku kwetu upepo wa chumvi hulila bati kabla ya wakati wake, na hakuna mahali kwenye jedwali lenu palipoandikwa chumvi.

Nidokeze na jambo jingine, ingawa si la visiwa tu. Mtoto akitoka gredi ya 6 kuingia ya 7, ndani ya ua ule ule, chini ya mwembe ule ule, mgao wake unaruka kutoka 1,420 hadi 15,042. Sichukii waliopata. Lakini aliyekaa akaamua kwamba mtoto wa gredi ya 3, yule anayefundishwa kusoma, anaweza kusomeshwa kwa chini ya sehemu ya kumi ya gharama ya kaka yake, ningependa siku moja anieleze alivyofikia hapo. Katika bajeti ya 2025/26 elimu ilitengewa takriban shilingi bilioni 702.7, na zaidi ya nusu yake, bilioni 387.8, zilikwenda kwa Tume ya Huduma za Walimu. Mgao wa sekondari za kutwa ulikuwa bilioni 51.9, wa sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, bilioni 28.9, na wa elimu ya msingi ya bure, iliyo na watoto wengi kuliko wote, bilioni 7.

Sasa tieni bahari.

Mfuko wa saruji ukinunuliwa Mokowe, upande wa bara, hupakiwa botini, huteremshwa gatini Mtangawanda au Faza, hupandishwa juu ya punda mpaka shuleni, na kila mkono uliougusa una haki yake. Petroli ya boti huku huja kwa mitungi, na bei yake haijawahi kuwa ile inayotangazwa kila mwezi Nairobi. Karibu kila kinachohusu ofisi na benki kiko Lamu mjini au Mokowe, na baina yetu na huko kuna Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari. Asiyeujua Mkanda aulize nahodha yeyote: maji yakipwa, kupita ni shida. Boti ya abiria huondoka kwa kufuata maji, haifuati saa ya ofisi. Kikao kilichoitwa saa tatu asubuhi Mokowe kinaweza kumlaza mwalimu ugenini usiku wa kabla na usiku wa baada, kwa kikao cha saa mbili, na gharama ya malazi na nauli inatoka kwenye fungu lile lile la watoto 90. Mwenzake wa bara hupanda bodaboda akarudi kabla ya chakula cha mchana.

Kisha kuna upepo. Muhula wa pili ndio muhula wa kusi. Bahari huchafuka, wavuvi wa Kizingitini na Kiwayu wengi hawatoki nje ya miamba, na nyumba zinazoishi kwa kamba na samaki hufunga mkaja. Muhula huo ndio mnaotupa asilimia 30. Muhula wa kwanza, wakati wa kaskazi, mzazi ana kitu mfukoni na shule ina nusu ya mgao wake. Muhula wa pili vyote viwili hupungua kwa pamoja. Yeyote aliyekaa katika bodi ya shule huku ameyaona haya: mwalimu mkuu anaeleza deni la mwenye duka, wazazi wanatazama chini, na hakuna anayethubutu kutamka neno mchango. Kwa mtu aliyezipanga asilimia hizo akiwa Nairobi, miezi ni miezi. Nasi hatuombi muubadilishe upepo. Tunaomba mgao wa shule za visiwani muhula wa pili uje kabla kusi haijakaza, na usiwe mdogo hivyo.

Mtu asiniambie kwamba serikali haijui kuipigia bahari hesabu. Inajua vizuri sana. Mitihani ya kitaifa ikifika, karatasi zinavushwa kwa boti zenye ulinzi, na kwenye maeneo yenye hatari husafirishwa kwa ndege. Uchaguzi ukifika, masanduku ya kura hayakosi mafuta. Hakuna aliyewahi kusema kituo cha kura cha Ishakani, karibu na mpaka wa Somalia, kipewe lita za petroli kwa kulingana na idadi ya wapiga kura wake. Siku hizo kila kituo kinahesabiwa kuwa kituo, kiwe na watu 80 au 800. Mimi naiombea shule hesabu hiyo hiyo, ya siku zote za mwaka, si ya siku ya kupimwa tu.

Nami silileti jambo geni. Jopo la Rais la marekebisho ya elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu na kutoa ripoti yake 2023, lilikwisha kupendekeza kila taasisi ipewe kima cha chini cha lazima kabla ya kuhesabu wanafunzi. Ripoti mliipokea kwa shangwe. Mengine ya jopo hilo mliyatekeleza haraka, kama vile kuiweka sekondari msingi ndani ya ua wa shule za msingi. Hili la kima cha chini huku kwetu hatujaliona.

Sasa niingie penye mjadala wenu mkubwa, wa nani alipe. Julai 2025 Waziri wa Fedha, Mheshimiwa John Mbadi, aliiambia kamati ya bunge kwamba serikali haimudu tena ule mgao wa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari, uliowekwa tangu 2018, na kwamba kinachotoka ni kama shilingi 17,000. Nchi ikazuka kelele, na wakubwa wengine wakasimama kusema elimu ya bure ipo na itaendelea kuwepo. Mimi, kwa ukweli wa Mungu, nilimshukuru Mheshimiwa Mbadi. Walimu wakuu walikuwa wakilijua pengo hilo miaka yote na wakikatazwa kuwatuma watoto nyumbani. Angalau mtu mmoja mwenye funguo za sanduku alilisema kwa sauti. Lakini kulisema si kulitatua. Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusikia kwenye redio wataalamu wakisema wazazi wa Kenya wamedekezwa, na kwamba serikali ijitoe kidogo, mzazi naye abebe sehemu yake.

Mzazi wa huku anabeba. Mwalimu wa bodi, yule asiyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), mshahara wake unatoka wapi? Maji ya kunywa ya watoto, pale jabia, birika letu la maji ya mvua, linapokauka, huletwa na nani? Na sare, na boti ya kumpeleka mtoto wa bweni Lamu au Mokowe na kumrudisha likizo? Hilo la boti sijaliona katika hesabu ya mtaalamu yeyote wa redioni. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haikusema ya bure hadi pwani ya bara.

Kuna na neno jingine linalosemwa chini kwa chini, na afadhali nilitoe hadharani: kwamba watu wa Pwani hawapendi shule, kwa hivyo hata wakipewa zitapotea. Neno hili nimelisikia kwa walimu waliopelekwa huku, nimelisikia kwa maofisa, na vijana wetu wengine wamelisikia mpaka wakaanza kuliamini. Siyu, kijiji kilicho upande wa pili wa kisiwa hiki, kilikuwa na wanazuoni wake na mafundi wake wa kunakili misahafu kwa mkono, na misahafu hiyo leo inatafitiwa na wasomi wa ng'ambo. Riyadha ya Lamu, msikiti na chuo cha dini alichokiasisi Habib Swaleh zaidi ya karne moja iliyopita, kimesomesha watu kutoka kote Afrika Mashariki bila ya kungoja mgao wa muhula. Minazi iliwekwa wakfu, nyumba ziliwekwa wakfu, mzee aliyekufa bila mtoto aliacha shamba lake lisomeshe watoto wa wenzake. Watu hawa hawakufundishwa na wizara yoyote thamani ya kusoma.

Kilichotokea ni kwamba shule ya serikali ilipokuja, ilikuja na hesabu zake. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulisema wazi kwamba pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi kwa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara, na watu waliokwisha kuanza. Lamu haikuwa na chochote katika hivyo kwa macho ya waandishi wale. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja sera ya kuchangia gharama, na mzazi akatakiwa ajenge darasa mwenyewe. Palipokuwa na kahawa na chai, madarasa yalijengwa. Huku palijengwa kwa makuti. Halafu mwaka 2003 tukaambiwa kuanzia sasa sote ni sawa, shilingi 1,020 kwa kila kichwa, aliyeanza na madarasa kumi na aliyeanza na mwembe.

Nikiwa katika hilo, niwaombe muelekeze macho wadi ya Basuba, huko msitu wa Boni. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na operesheni iliyofuata katika msitu wa Boni mwaka 2015, shule za vijiji vya Waaweer (Waboni), yaani Milimani, Mangai, Basuba, Kiangwe na Mararani, zilifungwa, zikafunguliwa kwa kusitasita, nyingine zikabaki na madarasa ya chini tu. Watoto waliosonga mbele ilibidi wapelekwe Mokowe kulala bweni, na kuna waliobebwa kwa ndege za jeshi. Nawashukuru waliowabeba. Lakini tazameni hesabu ya vichwa inavyofanya kazi pale. Watoto wakikimbia hofu, vichwa vinapungua. Vichwa vikipungua, mgao unapungua. Mgao ukipungua, mlango unaanguka na mwalimu anaomba uhamisho. Mwaka unaofuata mzazi anayetaka kurudi anakuta hakuna shule ya kurudia, naye anabaki Mokowe au mji mdogo wa Hindi hapo jirani, na kitabu chenu kinaandika kwamba eneo lile halina wanafunzi. Shule haikufa kwa bunduki peke yake, imemaliziwa na kalamu.

Na ili kichwa kihesabiwe, lazima kwanza kiingie kwenye mtandao wa wizara, na kwa miaka mingi mlango wa kuingilia humo ulikuwa cheti cha kuzaliwa. Mtoto wa Kiunga, Mkokoni au Mangai aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga, cheti chake ni safari ya boti au ya gari lenye kusindikizwa, pamoja na maswali ya wewe ni wa upande gani wa mpaka. Anakaa darasani, anakula uji wa wenzake, anaandika kwenye daftari, na kwenye hesabu ya serikali hayupo. Kisha tunasikia, kupitia ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu uliotolewa 2025, kwamba kuna shule zisizokuwepo zilizopokea pesa. Sitaki kusema mengi hapo, hasira hainifai. Nasema tu kwamba uhakiki wa kuwaondoa wanafunzi hewa ni jambo zuri, na uwe pia wa kuwaingiza watoto wa kweli walioachwa nje. Ukienda upande mmoja tu, sisi ndio tutakaopungua.

Waheshimiwa, linalonitia hofu zaidi kuliko yote ni hii rai ya kuziunganisha shule zenye wanafunzi wachache. Naielewa inatoka wapi. Huko bara ziko shule tatu zinazotazamana kando ya barabara moja, kila mwanasiasa na yake, na kuziunganisha huenda ni busara. Lakini kuziunganisha shule za Kiwayu na Ndau maana yake ni kumpandisha mtoto wa miaka saba kwenye boti asubuhi na jioni, wakati wa kusi. Hakuna mama atakayekubali. Atakaa naye nyumbani, na akiwa ni binti, mnajua kitakachofuata baada ya miaka michache. Kama kuna waraka unaoandaliwa wenye idadi ya chini ya wanafunzi, uandikeni wazi kwamba hauhusu shule ambayo jirani yake yuko ng'ambo ya maji au ng'ambo ya msitu wenye hatari. Mstari mmoja tu.

Walimu pia mnawagawa kwa idadi hiyo hiyo. Sekondari msingi ina masomo tisa. Yakiwa madarasa matatu yenye watoto kumi na watano kila moja, hesabu yenu inasema mwalimu mmoja au wawili wanatosha, na mmoja wao aghalabu ni kibarua wa mkataba wa 20,000 kabla ya makato. Mtu huyo afundishe hisabati, sayansi, Kiswahili, kilimo na kuendelea, peke yake, mahali ambapo nyumba ya kupanga hakuna na maji ni ya jabia. Posho ya mazingira magumu ipo kwa walioajiriwa, na isiguswe. Nyumba ya mwalimu ndani ya ua wa shule, kwa maoni yangu, ingewabakisha wengi zaidi kuliko posho.

Kwa Mheshimiwa Gavana na waheshimiwa wabunge nina maneno yenu pia. Ratiba ya Nne ya Katiba iliwakabidhi kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Msingi na sekondari zikabaki kwa serikali kuu. Hata hivyo kaunti yetu imekuwa ikitoa basari za sekondari, wabunge wanatoa zao kupitia hazina ya maeneobunge (NG-CDF), na mzazi anajua foleni zote mbili. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti akazizuia kaunti kutoa basari mpaka ziwe na makubaliano na serikali kuu. Magavana wakaenda mahakamani, agizo likasitishwa. Kabla ya hapo, Septemba 2024, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba sheria ya hazina ya maeneobunge inakwenda kinyume na Katiba, na ikaipa mwisho wa Juni 2026. Mawakili walisema yao. Mtoto alikuwa nyumbani akingoja.

Mimi basari sizipendi, na nasema hivi nikijua kuna watoto wa jirani zangu waliosoma kwazo. Basari ni pesa ya shule iliyopitishwa kwenye mkono wa mwanasiasa ili ionekane. Ina fomu, ina hundi kubwa ya kupigia picha, ina wale waliosahauliwa kwa sababu siku ya fomu bahari ilikuwa mbaya. Pesa hizo zote zikikusanywa, za kaunti na za maeneobunge, zikaandikiwa makubaliano halali na serikali kuu na kupelekwa shuleni moja kwa moja, shule ya kutwa ya sekondari ya Faza au Kizingitini haitakuwa na haja ya kumfukuza mtu. Gavana anaweza kulianzisha hilo kwa barua moja. Najua lina gharama ya kisiasa, na ndiyo maana namwandikia hadharani.

Kuhusu boti, ninalo pendekezo ambalo halihitaji sheria mpya. Kifungu cha 204 cha Katiba kimeweka Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma, kuyapelekea maji, barabara, afya na umeme. Lamu ilikuwamo katika orodha ya kwanza ya kaunti 14. Pesa hizo zimecheleweshwa kwa kesi na kanuni mpaka muda umekwenda, na hazina yenyewe, bunge lisipoirefusha, inakoma baada ya miaka 20 tangu Katiba ianze, yaani 2030. Shule haikutajwa katika vile vinne. Barabara imetajwa. Kwetu barabara ni Mkanda. Boti ya shule yenye maboya ya kuokolea na nahodha anayelipwa, moja kwa upande wa Pate na moja kwa upande wa Kiwayu, Mkokoni na Kiunga, ni barabara kwa maana yoyote ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuipa. Na majabia ya shule ni maji. Wanasheria wenu wakisema haiwezekani, waseme kwa maandishi, nasi tutatafuta wetu.

Vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu bajeti kisheria ni vyetu. Safari hii naomba kimoja kifanyike Faza na kimoja Kiunga, waje maofisa wa Hazina na wa Wizara wenyewe, si wawakilishi wao, na waje na jedwali la mgao wa kila shule ya Lamu Mashariki: kiasi kilichotakiwa, kiasi kilichofika, tarehe kilipofika. Sisi tutakuja na vitabu vyetu vya hesabu. Tarehe ikipangwa, ulizeni kwanza manahodha wa Mokowe maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, la sivyo mtakwama Mkanda na kikao kitafungwa kabla hamjafika.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mzazi na mjumbe wa bodi ya shule,
Kisiwa cha Pate, Lamu Mashariki.